Ufunguo wa Kobe

Ningeweza kusema hapana. Madame alikuwa ameshaanza kupanda gari lililokuja kuwachukua, mguu mmoja ndani na mwingine bado mchangani, akanyoosha mkono na kunipa vitu viwili kwa pamoja: ufunguo uliofungwa kwa uzi mwekundu, na kamba ya ngozi ambayo ncha yake ya pili ilimshika mbwa mdogo mweupe aitwaye Filou. "Wiki mbili, Saidi," aliniambia kwa Kifaransa. "Mambo yakizidi sana, tatu." Mumewe, Monsieur Lucien, alikuwa anaangalia njia ya Rumonge kama mtu anayetazama mvua ikija. Askari aliyekaa mbele na dereva alikuwa amesema mara mbili kwamba mbwa hapandi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza sekondari, nina mke mwenye mimba ya miezi mitatu, na nchi ilikuwa imeanza kuharibika siku chache kabla. Kila kitu kilinipa sababu ya kukataa. Nikasema ndiyo, "Oui, Madame," nikapokea ufunguo na mbwa, na gari likaondoka. Huo ndio mwaka 1972 wangu. Wengine wana wa kwao, mzito kuliko huu, na sitaki mtu afikiri nalinganisha.

Nimeanzia hapo kwa sababu mwezi uliopita nilivuka kwenda Ujiji kumzika Zaina, na tangu nirudi Rumonge situlii. Nakaa, nasimama. Naenda hadi mwaloni, wanakoshusha samaki, kuangalia ndagala, dagaa wetu, zikianikwa, nafika na kukuta sina nilichofuata, narudi. Chai inapoa mbele yangu. Watu wa hapa nyumbani wanadhani ni uzee. Kule msibani nilikaa kwenye mkeka wa wageni waliotoka mbali, katikati ya mfanyabiashara wa dagaa na mwalimu wa madrasa, nikala wali waliokula wao, na hakuna aliyeniuliza nimekuja kwa upande gani. Nilishukuru kwamba hawakuuliza. Sasa najiuliza mwenyewe, na jibu linanirudisha kila mara kwenye lile gari.

Gari la Madame na Monsieur wenyewe lilifika Rumonge mwishoni mwa mwaka 1971. Lilikuwa gari kubwa la rangi ya maziwa, lenye madirisha ya mapazia na bomba dogo juu ya paa, na ndani yake mlikuwa na vitanda viwili, jiko la gesi la mafiga mawili, na meza iliyokunjwa ikawa ukuta. Soko zima lilihamia kulitazama. Mama mmoja muuza mikeke, samaki wa ziwa letu, aliinama akachungulia chini ya magurudumu, akainuka na kusema, "Ile iko kobe. Inatembea na nyumba yake." Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeliita jina lingine, na hata Monsieur mwenyewe alilipenda akaliandika kwa chokaa mlangoni. Alikuwa mwalimu mstaafu wa mambo ya wanyama, anaandika kitabu kuhusu wanyama wa ufukoni, na alihitaji mtu wa kumwandikia majina yao kwa Kiswahili na Kirundi na kumsaidia kuongea na wavuvi. Nilimwambia nawajua wanyama wote wa ziwa. Haikuwa kweli. Jioni niliwauliza wavuvi, asubuhi nikamfundisha Monsieur, naye akaandika kwa heshima kubwa, kila jina na pembeni yake maneno "kwa mujibu wa Saidi."

Tulipiga kambi Kigwena, pale msitu unaposhuka karibu na maji na miti ya mawese inaanza. Monsieur alichagua mwenyewe mahali pa kusimamisha Kobe: uwanja wa majani mafupi, safi kama yaliyokatwa kwa mkasi. Nilimsifu kwa kuchagua vizuri. Kesho yake kulipopambazuka, meza ikiwa nje na kahawa juu yake, kiboko akarudi kutoka malishoni akakuta nyumba katikati ya njia yake. Alisimama karibu kiasi kwamba nilisikia tumbo lake. Madame alikuwa ngazini na sufuria ya maziwa, Monsieur ameshika daftari, mimi nimeshika mkate. Aliyesogea ni Filou peke yake. Alitoka chini ya ngazi, mnyama wa kilo nne, akasimama mbele ya ule mlima na kuanza kuufokea. Kiboko alimtazama muda mrefu. Halafu akapinda kidogo, akapita juu ya meza na kiti kimoja, akaingia majini bila haraka. Madame alicheka mpaka akakaa chini. Nilipowasimulia wavuvi, mmoja wao aliweka kasia chini ili acheke vizuri. "Umeweka muzungu mu njia ya kiboko? Siye hata mutumbwi hatuweki pale." Tulimsogeza Kobe siku hiyo hiyo, hatua mia moja hivi, karibu na msitu, na huko tukawa majirani wa nyani.

Namkumbuka nyani mmoja dume, sikio lake la kushoto limechanika, aliyekuwa anapanda juu ya paa la Kobe na kuketi akiangalia jinsi Madame anavyokata mkate. Alijifunza. Siku ya tano aliteremka, akafungua kabati la nje kwa vidole kama mtu, akachukua boksi la sukari na kuondoka nalo kwapani. Furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe, alijaribu mara moja kumnyakua Filou ufukoni, akamkosa na kuondoka na mshipi wake wa shingoni. Kenge alikuwa anakuja kunywa maji ya vyombo. Kila kilichomkaribia, Filou alikifokea, na kila mara nilikimbia kumwokoa, maana nilijua mbwa akifa kazi imekwisha. Lakini siyo kazi tu. Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya Kobe nafua, dirisha li wazi, nikawasikia wakinywa kahawa. Monsieur alisema kijana huyu ana kichwa, angefaa sana kwao, kuna nafasi ya msaidizi pale makumbusho. Madame akajibu kwamba ndiyo, angefaa, na Filou amemzoea. Kisha wakaongea habari ya gesi inayokwisha. Nilibaki na sabuni mkononi. Tangu asubuhi hiyo, kila nilichofanya pale nilikifanya kama mtu aliyeshapewa tiketi.

Jumamosi nilirudi Rumonge, kwenye chumba chetu. Kilikuwa kimoja, nyuma ya nyumba ya fundi seremala, kikinuka mbao mbichi na mawese; kitanda, sanduku, cherehani ya mke wangu Zaina chini ya dirisha, na pazia alilolitengeneza kwa vipande vya nguo za wateja. Mlangoni aliniwekea ndoo ya maji na kopo la udongo. Mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo, na Zaina hakuwa mtu wa kuacha hesabu hiyo mikononi mwa mwanamume. Alikaa kwenye kigoda akitwanga sombe, majani ya muhogo, na kuhesabu kwa sauti ili majirani wasikie. "Tano. Sita. Ile ya udongo bado, usijifanye umesahau." Jirani akauliza kutoka kwake, "Leo amerudi na imbwa ngapi?" Zaina akajibu, "Moja, lakini imemuramba kama muchuzi." Kisha tulikula bugari, ugali wa muhogo, na mikeke, akanivika shati jeupe alilonishonea, kola yake imeshonwa kwa uzi wa bluu kwa sababu mweupe ulimwishia. Nilimwambia habari ya Ulaya, ya makumbusho. Hakuinua macho kwenye sahani.

"Walikuambia?"

"Nilisikia wakisema."

"Nauliza hivi: ulisikia, ao walikuambia?"

Nikamwambia ni kitu kimoja. Akaniongezea samaki.

Sitaandika hapa nani alimfanyia nini nani mwishoni mwa Aprili, mauaji yalipoanza. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wameshaelezwa na watu wanaojua zaidi yangu. Nitasema tu kwamba soko la Rumonge lilifungwa, kwamba kulikuwa na moshi upande wa milima, na kwamba watu waliosoma walianza kuficha kalamu zao, maana waliosoma ndio waliotafutwa. Kobe alikuwa amezama mchangani kwa mvua za mwezi ule, magurudumu ya nyuma hayaonekani. Ndipo likaja lile gari kuwachukua, na wiki zangu mbili zikaanza.

Kesho yake mchana boti ya mjomba Bilali ikatokea upande wa Rumonge. Mjomba Bilali ni kaka wa mama yake Zaina, nahodha wa Ujiji, mtu mnene wa maneno machache. Alikuwa amevuka usiku kucha kuja kumchukua mpwa wake, na sasa amepinda Kigwena kunichukua mimi. Boti ilikuwa imejaa wanawake, magodoro na kuku. Zaina alikuwa mbele, cherehani yake mapajani imefunikwa kwa kanga. Niliingia majini hadi magotini, Filou kifuani kwangu, na macho ya boti nzima yakamgeukia mbwa.

"Huyo hapandi," mjomba Bilali alisema. "Humu watu wanaswali, Saidi. Akitikisa maji tu, boti yote najisi."

"Nitamfunga nyuma, mjomba. Kwenye gunia."

"Mfungue aende zake. Mbwa anajua kutafuta chakula."

"Mamba atamla leo leo."

Mwanamke mmoja alisema, "Basi mamba naye anahitaji kula," na wengine wakacheka kidogo, kicheko cha watu wenye hofu. Zaina hakucheka. Alinitazama mimi, siyo mbwa.

"Saidi. Weye uko unangoja nini hapa?"

"Wiki mbili tu. Nimewapa neno. Nitafuata."

"Wiki mbili ya nani? Wale haiko watu wa kurudi."

"Watarudi. Vitu vyao viko hapa."

"Na vitu vyako viko wapi?" aliniuliza, na mkono wake ulikuwa juu ya tumbo. Mashine ilikuwa inanguruma, mjomba Bilali anaangalia ufuko kushoto na kulia. Ningeweza kumweka yule mbwa chini. Ilikuwa kazi ya kufungua mikono. Badala yake nilimwambia Zaina, mbele ya watu wote, "Weye uko na mjomba. Haya, nendeni." Mjomba akasema atapita tena akipata nafasi, na boti ikarudi nyuma. Zaina hakugeuka. Kwa miaka mingi nilieleza kwamba nilibaki kwa ajili ya neno nililolitoa, na watu waliniona mtu wa heshima. Neno lilikuwa dogo. Nilibaki kwa ajili ya maneno niliyoyasikia nyuma ya dirisha nikifua.

Askari walipita mara mbili. Walisoma karatasi aliyoniachia Monsieur, kwamba nalinda gari lake, wakatazama namba ya gari, wakamcheka mbwa, wakaenda. Kwa siku nilifagia Kobe, nikakunja na kukunjua meza, nikaanza kutembea hadi barabarani na kurudi, mara tano, mara kumi. Wiki ya tatu nyani walikuja. Nadhani walikuwa wameshaona kwamba Madame hayupo na kwamba mimi siwezi kumtisha hata panya. Nilikuwa ufukoni nachota maji nikasikia vyombo vikianguka. Walikuwa ndani, nje, juu ya paa. Godoro limepasuliwa, unga umemwagika hadi majini, mapazia ya Madame yanaburutwa kwenye majani. Filou alikuwa amemrukia yule wa sikio lililochanika. Nilipofika na kasia, amepasuliwa begani hadi nyama. Nilivua shati langu, lile jeupe, nikamfunga. Damu ililowesha shati lote. Kisha nyani mmoja akalia karibu, Filou akachomoka, shati likabaki mikononi mwangu, naye akaingia msituni akichechemea. Nililitupa shati mlangoni nikamfuata.

Nilimtafuta siku mbili. Nililala kwa mzee mmoja anayekamua mawese ndani kule, akanipa ndizi na kuniambia nimepotewa na akili. Siku ya tatu nilimkuta Filou chini ya mzizi, hai, analamba kidonda. Niliporudi naye Kobe nikaona mchangani alama ndefu ya boti iliyovutwa, na nyayo za mtu mzito zimefika hadi mlangoni, zimezunguka, zimerudi majini. Shati halikuwepo. Nikajiambia ni mwizi. Mwizi gani anaacha jiko la gesi na sufuria tano akachukua shati lililolowa damu? Swali hilo lilinijia siku ile ile. Nililinyamazisha nikaanza kufagia unga.

Baada ya hapo boti hazikuja tena. Ziwa lilikuwa linalindwa. Nilimpa mvuvi mmoja salamu za kupeleka Ujiji, na sikumwona tena kujua kama alizifikisha. Miezi ya kwanza hatari ya njiani ilikuwa kubwa, hilo siyo uongo. Lakini kufika kiangazi watu walikuwa wanapita Nyanza-Lac na Kabonga kwa miguu kuelekea Ujiji, nami niliwaona, niliwagawia maji, na mmoja aliniuliza kama nakuja. Nikamwambia nawasubiri wenye gari. Sikupata barua. Sikupata gari. Kila mtu aliyetokea barabarani akiwa na kofia moyo wangu uliruka. Mvua zikarudi, Kobe akazama zaidi, na asubuhi moja Filou akashuka kunywa maji kama kila siku, mahali pale pale, hatua kumi kutoka kwangu. Maji yalipasuka mara moja yakatulia. Hakupata hata nafasi ya kubweka. Nilikaa pale mpaka jua likawa kali, na kitu ninachokionea aibu zaidi ni kwamba nilijisikia mwepesi. Nikafunga mlango wa Kobe kwa ufunguo, nikaondoka. Kutoka Kigwena hadi Ujiji nilitembea siku tano. Siku tano tu, na nilikuwa nimekaa miezi saba.

Nyumbani kwa mjomba Bilali walikuwa wanachagua mchele uani. Mke wake aliniona kwanza, sinia likamponyoka. Mjomba alitoka, akanigusa bega, kisha uso, akakaa chini mwenyewe. Ndiye aliyenieleza. Alikuja Kigwena wiki ya tatu, akakuta gari limepekuliwa, vitu vimetawanyika, akaniita mara nyingi, akaokota shati. Zaina alitambua uzi wa bluu. Walisoma hitima. Akakaa eda, na kwa kuwa mjane mwenye mimba eda yake huisha anapojifungua, iliisha siku alipozaliwa mtoto wa kike, akamwita Saida ili jina la marehemu lisipotee. Fundi cherehani wa mtaa ule, mtu mwema, akaleta posa. Harusi ilikuwa imepita wiki mbili.

Sheikh alisema ndoa yangu haijavunjika, kwamba ya pili imesimama juu ya habari isiyo kweli, na kwamba nikimdai nina haki. Akataka kwanza Zaina aulizwe. Alikaa nyuma ya pazia, mtoto akilia na kunyamazishwa, mimi na sheikh na mjomba upande wa huku. Mkono wake ukatokea na shati lililokunjwa, akaliweka mkekani.

"Hii damu iko ya nani?"

Ningeweza kusema uongo, na labda ningekuwa na mke. Nikasema, "Ya mbwa."

Mtoto alianza kulia tena, akatulizwa.

"Kumbe nilikaa eda ya imbwa," Zaina alisema. Halafu, polepole, bila hasira niliyoitarajia: "Saidi, nilikulilia ukiwa muzima. Muda wote ule ulikuwa muzima, na miguu ulikuwa nayo. Kama ungekufa ningekusamehe." Sheikh alimuuliza anachagua nini. Akajibu, "Yeye alishachagua. Tulikuwa mashahidi boti nzima."

Nikatoa talaka. Zaina akakaa eda nyingine kwa ajili yangu, safari hii ya mtu aliye hai, na ilipoisha wakafunga ndoa upya na yule fundi. Mtoto kwa haki alikuwa wangu, lakini sikuwa na nyumba wala maziwa wala uso wa kumdai. Monsieur na Madame hawakurudi wala kuandika. Niliporudi Rumonge miaka kadhaa baadaye, mabati ya Kobe yalikuwa yameezeka vibanda viwili vya mawese, na ufunguo sijui niliuacha wapi.

Niseme basi wazi, maana nimezunguka sana. Ile "oui", ile ndiyo niliyompa Madame, ilinigharimu mke niliyempenda, sote wawili tukiwa hai, na ilinigharimu mtoto wangu pekee. Sikuoa tena, na Saida alimwita baba mtu aliyemlea, kwa haki kabisa. Mimi ananiita Mzee Saidi. Siku ya mazishi binti mkubwa wa Saida, mwanamke mzima mwenye macho ya Zaina, alinimiminia maji ya kunawa na kuniuliza kwa adabu nilimjuaje bibi yake. Nikamjibu kwamba tulikuwa majirani, Rumonge, zamani. Akasema, "Pole, babu," kama anavyomwambia mzee yeyote, akasogea na birika kwa mgeni mwingine. Yule ni mjukuu wangu.